Sahani ya Arobaini na Moja

Juni, Mbeya. Loleza imejifunika ukungu hadi shingoni
kama mgonjwa.
Saa moja asubuhi benchi la wagonjwa wa nje limejaa maskafu,
kitenge juu ya kitenge, na kikohozi
kinachoanzia mlangoni kikaishia dirisha la dawa.

Kazi yangu ni makoo.
Nyuso sizishiki. Ukiniuliza jana nilimwona nani
nitakwambia: koo jekundu, koo jekundu,
koo lenye usaha kama punje za mchele wa Kyela,
na babu mmoja aliyekatwa kimeo utotoni
ili asikohoe tena. Alikuja anakohoa.

"Fungua. Sema aaa."
Ambakisye, miaka saba, wa Ilembo, alifunga meno.
Mama yake akambana mapajani,
udongo wa viazi ungali kwenye kucha zake.
Nikapitisha kijiti cha pamba nyuma ya ulimi,
kwenye mafindofindo yaliyovimba yakagusana,
akanitapikia uji kwenye koti.

"Majibu lini?"
Kesho. Au kesho kutwa, umeme ukikubali.
Akacheka kidogo. "Nauli ya kesho
nimeshaila leo."
Akaacha namba ya simu ya jirani.

Sahani yangu ni damu ya kondoo iliyogandishwa,
na humo napanda.
Mama yangu, kule Tukuyu, alipanda mgomba akangoja mwaka;
mimi napanda jioni, asubuhi navuna.
Mara nyingi sivuni kitu,
ila wale wenyeji wa kinywa wasio na neno na mtu.
Ina maana wengi waliomeza kapsuli za rangi mbili
walimeza bure,
na nusu iliyobaki wameiweka kabatini
kwa ajili ya mtoto wa pili.

Lakini ya arobaini na moja:
vitone vidogo, vyeupe kama umande,
na kila kimoja kimezungukwa na duara angavu,
damu imeliwa hadi ukiangalia unaona vidole vyako upande wa pili.
Naona aibu kusema ilikuwa nzuri.
Ilikuwa nzuri.

Huyu namjua. Hupiga hodi kooni,
na mara nyingine, koo likishapona,
mwili uliokuwa ukimsaka humkosa
ukaupiga moyo wake wenyewe.

Napiga. Haipatikani.
Napiga. Saa sita jirani anapokea, yuko bondeni na ng'ombe,
upepo unakula nusu ya maneno.
"Ambakisye? Kapona huyo! Si huyu hapa
anafukuza ndama?"
Mwambie mama yake amlete.
"Kapona, nakwambia."
Amlete hivyo hivyo.

Kimya. Halafu, nyuma ya upepo,
namsikia mwenyewe akimwita ndama,
sauti safi, haina hata mkwaruzo,
koo lile lile lililonigomea juzi
sasa limefunguka lote, bila kuambiwa.

"Nauli nitatuma," nikasema.
Sijui kama alisikia.
Salio lilikuwa limekata.