Kiinua Mgongo

Wanakiita kiinua mgongo.
Wangu niliuinamisha miaka thelathini na minne
juu ya mafaili ya masjala,
nikilamba kidole, nikifunua, nikifunga.
Siku waliponilipa, mgongo ulikaa vilevile.

Kikokotoo kimeshakokotoa.
Kilichosalia huingia kila mwezi kwenye simu,
mlio mmoja, mfupi kama chafya ya paka.

Nikanunua kauntabuku. Nikapiga mistari kwa rula:
kodi, maji, umeme, dawa.
Safu nne. Mkono bado unajua kunyoosha.

Nianze na hapa Dodoma mjini, Ilazo,
nilikopanga tangu wizara ihame na sisi tukahama nayo
kama meza.
Kodi ya chumba na sebule imepanda mara tatu
bila ukuta kupakwa rangi hata mara moja.
Bwana Mdachi anasema wateja wapo,
magari yao yana viyoyozi.
Sina ugomvi naye. Pale penye lami
palikuwa na uwele wa mama yake;
naye anainua mgongo wake.

Kibaigwa unga ni bei ya kutupa,
ila malori yanalala yakinguruma.
Usiku kibofu huniamsha mara tatu.
Ya nne siitaki.

Manyoni, elfu thelathini!
Nikadhani masikio.
Nikauliza maji, nikaonyeshwa punda.
Dumu mia tano, kiangazi elfu,
na siku nyingine, wakasema, punda hugoma.
Kwenye safu ya maji nikaandika: punda.

Kondoa yuko shemeji. Kodi ni bure.
Bure ni ghali, nimewahi kuilipa.

Leokadia, binti yangu, anapiga simu kutoka Mwanza:
Baba, si uje tu ukae na sisi?
Nyuma ya sauti yake namsikia mumewe
akipunguza televisheni.
Nikamwambia bado natafuta,
hewa ya huku inanifaa kifua.

Mpwapwa nilifika Jumanne,
milima imekaa kuuzunguka mji
kama watu waliomaliza kula.
Mama Foibe Chilongani alikuwa anamenya karanga.
Hamsini, akasema, bila kuinua uso.
Maji Jumatatu na Alhamisi. Luku tunachangia.
Hospitali ya wilaya ni hapo tu;
nikaenda kwa miguu, nikahesabu,
hatua mia tisa na kumi, na kupumzika mara moja.

Mlango wa chumba unatazamana na wake.
Nikauliza aliyekuwa anakaa humu.
Mzee Kapufi, akasema, fundi saa.
Akichelewa kufungua dirisha, nilikuwa nagonga.
Siku moja nikagonga.

Akamenya karanga nne, tano.
Kisha: chumba ni kikavu, hakina mchwa.

Nikaketi kwenye kizingiti na kauntabuku yangu.
Manyoni ingenibakishia senti za sukari, hata za gazeti.
Hapa kila mwezi nina pungufu ya elfu kumi na nane.
Nikarudia hesabu. Kumi na nane.
Nikachora safu ya tano, nikatafuta kichwa chake,
nikaiacha bila kichwa,
mimi, niliyewahi kumrudishia mkurugenzi faili
kwa kukosa namba ya folio.

Nyama basi, mara moja kwa mwezi.
Gazeti nitasoma la jana, kwa kinyozi.

Nilipohesabu noti za miezi mitatu
alizikunja bila kuzihesabu, akauliza:
Dirisha unafungua saa ngapi?
Saa kumi na mbili, nikajibu, kama kiapo cha kazini.
Basi saa moja nitakuwa nasikiliza, akasema.

Nilidanganya.
Tangu nistaafu huamka saa mbili na nusu.
Sasa itabidi niamke alfajiri, sina ofisi, sina faili,
nisukume tu hilo dirisha
mtu asije akashtuka.