Ratiba ya Ukutani

Niliichora Jumapili kwa kalamu tatu:
nyekundu anatomia, buluu fiziolojia,
kijani usingizi, na kijani kilikuwa kiduchu.
Nikaibandika juu ya kitanda, chumba cha kupanga, Block T;
ukuta ukaipokea kwa unyevu wake wa Juni.

Saa kumi alfajiri simu inalia.
Naizima kwa kidole cha mguu, blanketi halina habari.
Saa kumi na moja nimeketi, koti juu ya koti,
chai ya tangawizi iko macho kuliko mimi,
na neva ya saba, ile ya uso,
inanigeuzia uso.

Nahesabu saa. Hiyo ndiyo kazi ninayoiweza.
"Nimesoma saa sita," namwambia Atupakisye.
Anakoroga uji, hanitazami:
"Umekaa saa sita."

Yeye hana ratiba. Ana saa mbili baada ya chakula:
anafunga kitabu, anajiuliza kwa sauti, anajijibu vibaya,
anacheka, anafungua,
anachora figo nyuma ya mfuko wa sukari,
kisha anazima taa, analala kama gogo,
na Loleza huko nje imejifunika ukungu.

Mimi nasomea viazi.
Magunia kumi na manane ya Umalila yaliyogeuka ada.
Nikisinzia nayaona yamesimama mlangoni
kama wadai wenye adabu.

Alhamisi, wodini, mama mmoja wa Igawilo,
miguu imevimba hadi magotini, akanishika mkono:
"Mwanangu, maji haya yametoka wapi?"
Maji hayo nilikuwa nimeyasoma.
Ukurasa mia mbili na tisa,
nimeupiga wino wa njano wote, juu mpaka chini.
Nikasema, "Msubiri daktari."
Akaendelea kunitazama mimi.

Usiku ule sikutega simu.
Nilifunga kitabu. Moyo, nikasema kwa sauti,
moyo ukichoka kusukuma... nikakwama.
Nikafungua. Nikafunga. Damu inarudi nyuma,
figo zinadanganyika, zinashika chumvi,
chumvi inaita maji.
Atupakisye akagonga ukuta, nipunguze kelele.
Chai ilikuwa imeshika utando
jogoo wa jirani aliponikumbusha kuna saa.

Jumatatu nikampelekea jibu.
Kitandani shuka jipya, limekunjwa pembe.
"Ameruhusiwa," nesi akasema, "kaondoka na mwanawe asubuhi."

Ratiba bado ipo, kona moja imebanduka.
Wiki hii nimeamka alfajiri mara nne.
Mara tatu ni magunia.
Mara moja, yule mama.