Dirisha Namba Tatu

Nilimwita mara tatu, kama utaratibu unavyotaka:
"Chilewa! Ndahani Chilewa! Chilewa!"
Kisha nikalitupa jalada lake chini ya mengine,
nikaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: hakuwepo.

Alikuwepo.
Alikaa benchi la kwanza, mita nne kutoka mdomo wangu,
mgongo umenyooka kama mlingoti wa bendera,
koti la kaki limefuliwa hadi likasahau rangi yake,
akitazama upepo wa Agosti ukikokota vumbi
kutoka stendi ya Mpwapwa hadi kwenye ngazi zetu.

Wiki iliyofuata, hivyo hivyo.
Mwezi uliofuata, hivyo hivyo.
Wino mwekundu ukajipanga mstari mmoja,
hakuwepo, hakuwepo, hakuwepo,
kama mtu aliyetoroka kikosi.

Mkewe ndiye aliyekuja kuniambia, Sechelela,
mkononi kidumu cha mtindi, kanga imefungwa kiunoni:
"Mwanangu, huyu alikuwa anapakia mzinga.
Kutoka Mutukula kwenda mbele, siku arobaini.
Masikio aliyaacha huko.
Hata jogoo wetu anamwona tu akifungua mdomo."

Nikafungua jalada nitafute pa kuandika hayo.
Kuna kisanduku cha sukari, kuna cha presha,
kuna cha mzio, cha dini, cha jina la mwenyekiti wa kitongoji.
Cha mzinga hakuna.
Na lile sanduku la maoni lililopigiliwa ukutani,
ufunguo wake ulihamia Singida pamoja na katibu.

Basi nikafanya kisichoandikwa popote.
Nikafungua mlango, nikatoka nyuma ya kioo,
nikazitembea zile mita nne
(miaka sita kazini, sikuwahi kuzitembea)
nikachuchumaa mbele yake aione midomo yangu:
"Mbukwenyi, Koplo. Zamu yako."

Alisimama. Akataka kupiga saluti,
bega lenye kipande cha chuma likamkatalia njiani,
mkono ukabaki pale, usawa wa kidevu,
unatetemeka, haujui urudi au uendelee.
Nikaushika. Ulikuwa mwepesi kama suke la uwele
ndege wakishamaliza.

Daktari amemkuta na mambo saba.
Mawili yana dawa hapa.
Matano tumeyaandikia barua, nimeigonga muhuri mwenyewe,
ikapanda basi la saa kumi na mbili kwenda Dodoma mjini.
Ni wiki ya tisa sasa.
Nadhani nayo imekaa benchi mahali fulani,
mgongo umenyooka,
inasubiri kuitwa.