Matufaha ya Morag

Mfuko ulining'inia kitasani tangu jana:
matufaha ya Morag, jirani wa chini,
madogo, yenye mabaka,
mengine yana wenyewe ndani.
Saa moja asubuhi, na Dundee bado giza totoro,
mvua inakwaruza dirisha kama paka aliyefungiwa nje.

Nayapasua. Namtoa funza, namwomba radhi.
Simenyi. Daktari kasema ganda lina faida yake,
daktari yuleyule aliyetuachisha chai ya maziwa,
vitumbua vya Jumamosi,
na nusu ya bashasha ya Shekue.

Natandaza oti, tende tatu zilizopondwa kwa uma,
maji ya limau, iliki kidogo,
hapana, iliki tele,
iliki haina kesi na daktari.
Kisha joko. Dakika arobaini.

Harufu ikamfuata Shekue kitandani,
akaja na soksi moja.
"Mahamri?"
"Matunda."
Akakaa kama mshitakiwa.
Kijiko cha kwanza akakitafuna kwa masikitiko.
Cha pili, kimya.
Cha tano akalivuta bakuli zima upande wake,
akakwangua pembeni palipoungulia,
akauliza tu, "Kwani huyu Morag ana miti mingapi?"

Mimi langu lilikuwa chachu, limenitia meno ganzi.
Sukari niliificha mwenyewe, ndani ya buti la theluji,
la kushoto, asije akaiona.

Sasa anaosha bakuli, anapiga mluzi,
kanipa mgongo.
Nami nalitazama buti.