Namba Tisa, Butere

Mwanangu Ambani ameweka kwenye simu yake
mlio wa simu ya kizamani: krriing, krriing.
Kauokota huko wanakookota kila kitu,
na ulipolia jana mezani, kati ya viazi na chai,
mama yangu Trufosa aliweka kikombe chini,
mkono wake wa kulia ukapaa
kutafuta waya usiokuwapo.

"Hiyo si ya Butere," akasema.
"Hiyo imeogeshwa, ikapakwa mafuta.
Yetu ilikuwa na kikohozi."

Ambani akabonyeza kidude chekundu,
akamsogezea simu mdomoni kama mtangazaji:
"Basi kohoa, Bibi."

Miaka kumi na tisa alikaa mbele ya ubao ule
wenye matundu hamsini na vifuniko vya shaba.
Mtu akizungusha simu kwake, kifuniko chake huanguka,
tik,
kama jicho linalokukonyeza,
naye huchomeka waya: "Namba, tafadhali."

Basi akakohoa.
Akakohoa laini ya Mumias mvua ikiwa Shianda:
shaaa-kwa, shaaa-kwa, mtama kwenye ungo.
Akaifanya ya Kisumu, iliyojaa watu,
sauti juu ya sauti, nyuki ndani ya debe.
Ya hospitali ya misheni, ngiringiringiri, bila kupumua,
na ya mwalimu mkuu, aliyezungusha mara moja tu,
ngri,
akangoja, kama anayebisha hodi kwa wakwe.

Akatuletea redio ya postamasta juu ya kabati
ikitafuta stesheni: wiiiu, wiiiu, paka kafungiwa ghalani,
halafu pi, pi, pi, pi, pi, piii,
saa moja kamili, na Butere nzima ikarekebisha saa.
Akatuletea karani Oguttu wa reli,
tiki-ti, ti-ti-tiki,
ambaye hata akila kwao aligonga kijiko kwenye sahani
mpaka mkewe akamwambia: nimeshasoma, mchuzi hauna chumvi.

Tulicheka. Ambani alicheka mpaka simu ikatikisika.
"Na namba tisa, Bibi? Mama husema kulikuwa na namba tisa."

Nilitamani kumfinya.

Namba tisa ilikuwa nyumba ya Yunia,
mume wake dereva wa malori ya miwa.
Siku hiyo Kisumu walipiga, mtu wa wodini, haraka:
nipe Butere tisa, ni kuhusu lori, ni kuhusu mwenye lori.
Na tisa ilikuwa inaongea.
Yunia na dada yake wa Kakamega,
kitu fulani kuhusu kuku aliyeingia kwenye kwaya
akakaa upande wa sauti ya pili.
Kanuni za posta zilikuwa wazi: dharura hukata.
Mkono wa mama ulikuwa juu ya waya.

"Kisumu, subiri," akasema. "Laini inatumika."

Dakika saba.
Sikio moja mtu wa wodini akihema,
sikio la pili Yunia.

Kila Desemba Yunia huja na njugu mawe kwenye kitambaa,
hukaa pale pale, hula, husimulia.
Hajaambiwa.

Mama akatazama simu ya mjukuu wake, ile taa nyekundu.
Nikadhani atasema zima.
Akavuta pumzi, na kilichomtoka hakikuwa kengele:
kilikuwa kicheko cha mwanamke mwingine, kijana,
kinachopanda ngazi, kinateleza, kinashika ukuta,
yala! yala! ngoja kwanza, mbavu zangu,
kinaanza upya,
kinapungua,
kinakuwa hema tu.

Halafu kwa ulimi, kwenye kaakaa:
tik.

Nje jogoo wa jirani aliwika, naye yumo kwenye rekodi.
Kijiko changu pia kimo.

Ambani akauliza, polepole, aiite jina gani.
Mama alikuwa ameshaichukua chai yake, imepoa,
anaondoa utando kwa kidole.
"Andika," akasema, "laini inatumika."