Vikonyo Tisa

Sikumwambia mtu kwamba nakuja.
Dada yangu Mzia angeamka alfajiri kupika,
angenikalisha kwenye kochi la wageni
na kuniuliza siku hizi Ugiriki wanalipa kiasi gani.
Atanisamehe Jumapili. Leo ni Alhamisi,
nina viatu vya raba na siku nzima.

Ngazi za umeme za kituo cha Rustaveli
bado zinapanda kwa kasi kutoka tumboni mwa ardhi.
Zamani nilizikwea mbili mbili, chaki mfukoni,
nimechelewa kufundisha hesabu darasa la sita.
Leo nimesimama upande wa kulia.
Wenye haraka zao wakapita, wakanigusa bega,
mmoja akaomba radhi, akaniita mama.
Tbilisi, lini nimekuwa mama wa watu?

Mbwa mwenye hereni ya plastiki ya njano,
alama ya manispaa kwamba amechanjwa,
alinisindikiza mitaa miwili
kisha akaacha kazi bila kuaga.

Duka la vifungo la Siranush linauza kahawa.
Kikombe kimoja, bei ya nusu kilo ya nyama.
Nikakinunua. Nikakaa pale pale
alipokuwa akikaa yeye, miwani puani,
akitafuta kifungo cha nne kifanane na vitatu,
na nikakunywa polepole, kwa ukaidi.

Roshani za mbao zimeinama zaidi.
Nguo zimeanikwa juu ya njia
na shuka moja lilinidondoshea tone shingoni.
Chini, kwenye tanuri lililochimbwa kama kisima,
mwokaji bado anaingiza kichwa na mabega
kubandika mikate ukutani mwa moto,
miguu yake ikielea kidogo hewani.
Nilinunua mmoja. Ncha yake haikufika kona.
Katika mji huu hakuna ncha ya mkate iliyowahi kufika nyumbani.

Saa tisa njaa ilinishusha ngazi kumi na mbili
hadi mkahawa wa chini, wenye dirisha la miguu ya wapita njia.
Kijana wa mezani, Lasha kwa kibandiko chake cha kifuani,
aliuliza, "Hinkali kumi? Mko wangapi?"
"Mmoja. Na soda ile ya kijani."

Zikaja zikitoa moshi, vifuko vya unga
vilivyofinyangwa mikunjo juu, kila kimoja na kikonyo chake.
Unakishika kikonyo, unang'ata ubavu,
unavuta mchuzi kabla haujakukimbia mkononi.
Nikanyunyiza pilipili manga. Nikapuliza.
Nikapuliza tena, zaidi ya ilivyohitajika,
na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

Naujua mdomo huo.
Kule Thesaloniki, Bibi Evanthia, miaka tisini na mmoja,
hafungui wake mpaka mimi nifungue wangu.
Kijiko, napuliza, naachama, anaachama.
Miaka kumi na moja mdomo wangu unafunguka
kwa kijiko kinachokwenda kwingine.

Leo kikafika.
Mchuzi ukanichoma ulimi, ukanitiririka hadi kiwikoni,
nikacheka peke yangu, na Lasha akageuka
akaleta karatasi za kujipangusa bila kuulizwa.

Ya sita, simu ikalia. Binti wa Evanthia:
vidonge vya bluu viko wapi?
Kabati la juu, nyuma ya sukari.
Amekula? Amekataa.
Mwambie fungua mdomo wako kwanza, nikamwambia.
Wako wewe. Ndiyo. Wazi kabisa.

Lasha alikuja kuhesabu vikonyo kwenye sahani,
maana ndivyo walaji wanavyojulikana hapa.
"Tisa," akasema, kwa heshima kidogo.
Ya kumi ilikuwa imepoa, imelala ubavu.
"Nikufungie?"
"Acha. Sijamaliza."
Nikaagiza chai,
na miguu dirishani ikaendelea kukimbia,
visigino, raba, gurudumu la gari la mtoto,
na hakuna hata mguu mmoja niliokuwa nikiungoja.