Jumamosi ya Utepe

Ain ameamka na daftari,
penseli sikioni kama seremala.
Kushoto ameandika Jeupe, kulia ameandika Buluu,
katikati kapiga mstari mrefu
kama mpaka wa nchi zilizogombana zamani.

Nje, Tartu imelala chini ya theluji ya siku tatu.
Gari letu la miaka kumi na minne linakohoa, linakohoa,
kisha linakubali, shingo upande,
kutupeleka kumnunua mrithi wake.

Jeupe kwanza.
Muuzaji ni Raivo, viatu vyake vinang'aa kuliko boneti.
Anasema: nguvu za farasi mia na hamsini.
Anasema: sifuri hadi mia, sekunde nane na kitu.
Ain anaandika: nane na kitu.
Mimi nafungua mlango, naufunga,
nafungua, nafunga,
nasikiliza: du.
Mlio wa fedha za watu wengine.

Buluu liko ng'ambo ya barabara.
Muuzaji wake binti, Kertu, ana mafua,
hataji farasi hata mmoja.
Anasema kiti kinapata moto mpaka mgongoni,
na usukani pia, jaribu.
Nikaushika. Mikono yangu ikasema ndiyo
kabla ya kuniuliza.

Ndipo Ain akatoa utepe.
Alipima buti la huku, akavuka barabara, akapima la kule,
akarudi tena kwa sababu aliishika namba kichwani
na namba ikadondoka kwenye theluji.
Tofauti: vidole viwili.
Luule akaburuta selo yake, ile fidla nene kama shangazi,
akailaza ndani ya Jeupe: imeingia kwa mshazari.
Akailaza ndani ya Buluu: imeingia kwa mshazari.
"Sawasawa," akasema, kwa uchovu wa mtoto
aliyeahidiwa keki tangu saa nne.

Bei zao zimepishana euro elfu tatu na ushei.
Elfu tatu ni paa la sauna ya baba yake,
ambalo kila masika tunaliwekea ndoo.
Hilo Ain hakuliandika.

Muda wote huo Mama Salme alikuwa garini, kwenye letu,
na blanketi lake, na nyonga yake mpya ya Oktoba.
Alisema maduka ya magari yananuka hospitali.
Mwishowe akaja, kutafuta choo,
na Raivo, kwa adabu, akamfungulia Jeupe: karibu, bibi.

Akaketi. Akazama.
Kutoka, Ain alimvuta kwa mikono miwili
kama mtu anayetoa ndoo kisimani.
Akacheka Mama Salme, mdomo tu.
Kwenye Buluu alizama vilevile,
joto likampanda mgongoni, akafumba macho,
akasema, "Hapa naweza kufa vizuri,"
na Kertu akapiga chafya, hakujua aangalie wapi.

Tukarudi kwenye letu.
Kuukuu, refu, lenye sura ya kabati la jikoni.
Alishika mlango, akageuza nyonga, akaketi.
Kisha, kwa kutuonyesha, akashuka tena. Peke yake.
Akapanda. Akashuka.
"Mnaona?" Hakusema zaidi.

Ain alisimama, theluji ikimjaa kwenye kola.
Akafungua daftari, akapiga mstari wa pili,
mwembamba, ukingoni, ambapo nafasi ilikuwa imekwisha.
Juu yake akaandika: goti.

Mshika mawili, moja humponyoka. Tulifundishwa.
Hatukufundishwa habari za la tatu,
lililoegeshwa nje, linalovuja mafuta.

Tukaenda kula keki.
Gari lilikohoa mara moja tu, likawaka.
Nadhani lilikuwa likisikiliza.
Mama Salme akaimba kidogo, Luule akalala juu ya selo,
na mimi niliushika usukani wetu,
baridi kama samaki wa barafuni,
nikiwaza, siwezi kudanganya,
Buluu.